Lami si jaa: mwongozo wa kutumia taka na mabaki katika barabara za mitaa ya Malindi

Mwongozo huu umeandikiwa vikundi vya vijana, wanakandarasi wadogo na maofisa wa wadi wanaotaka kutengeneza kipande cha barabara ya mtaa mjini Malindi au viungani mwake kwa kuchanganya lami na taka za plastiki, lami kuukuu, chupa zilizopondwa au mabaki ya viwandani. Wengi wanaolileta wazo hili huwa wameanzia upande usiofaa: wana rundo la taka, wanatafuta pa kulitupa, na barabara machoni mwao ni shimo refu lisilojaa. Njia iliyo salama ni kuanzia upande wa pili, yaani kuuliza kwanza barabara inahitaji nini, kisha kuangalia kama katika taka zetu kuna kitu kinachoweza kuifanya kazi ya kokoto au bitumini itakayoondolewa. Kisichoweza kuifanya hakiingii, hata kiwe kimerundikana namna gani.

Katika maelezo yote nitaita bitumini ile gundi nyeusi inayotokana na mafuta ghafi, na nitaita lami mchanganyiko mzima wa kokoto, mchanga, vumbi la mawe na bitumini, ambamo bitumini kwa kawaida ni kama asilimia 5 hadi 6 tu ya uzito. Tofauti hiyo inawapotosha watu wengi wanapopiga hesabu, kwa hiyo ni vyema iwe wazi tangu sasa.

Kabla ya kuwasha moto

Jua kwanza barabara ni ya nani. Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu, KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za mashambani, lakini njia nyingi za ndani ya mitaa kama Maweni, Barani, Muyeye au Kisumu Ndogo ziko mikononi mwa serikali ya kaunti. Usiguse barabara isiyo na idhini ya maandishi. Usafirishaji wa taka kutoka jaani hadi kwenye eneo la kazi nao unahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na ni rahisi zaidi kushirikiana na kikundi ambacho tayari kinayo kuliko kuanza upya.

Kitu cha pili ni mhandisi na maabara. Hakuna kipimo cha mchanganyiko nitakachokitaja hapa ambacho kinaweza kuchukua nafasi ya kipimo cha Marshall, ambapo vidonge vya lami hushindiliwa kwa nyundo ya uzito maalumu, hupashwa joto la nyuzi 60 za Selsiasi, kisha hubanwa hadi vivunjike, ili ijulikane vinahimili mzigo kiasi gani na vina nafasi tupu kiasi gani ndani yake. Kwa tabaka la juu la barabara, nafasi hizo tupu zinatakiwa ziwe kati ya asilimia 3 na 5. Zikizidi, maji yatapenya. Zikipungua sana, bitumini itatokwa na jasho juani na magurudumu yataacha mifereji. Taka yoyote unayoiingiza hubadilisha tarakimu hizo, na ndiyo sababu kila aina ya taka inahitaji vidonge vyake.

Tatu ni majira. Panga kazi wakati wa kaskazi, Januari na Februari, au mwishoni mwa kusi kabla ya vuli kuanza. Anayetandika lami masika anapoteza pesa zake na za wenzake.

Plastiki ipi inafaa

Mbinu ninayoieleza ni ile inayoitwa njia kavu, ambayo iliendelezwa India na Rajagopalan Vasudevan, mwalimu wa kemia katika Chuo cha Uhandisi cha Thiagarajar mjini Madurai, aliyetunukiwa nishani ya Padma Shri mwaka 2018. Tangu mwaka 2013 baraza la wahandisi wa barabara la nchi hiyo, Indian Roads Congress, lina mwongozo wake, unaotaka plastiki iwe asilimia 6 hadi 8 ya uzito wa bitumini. Wazo lenyewe ni jepesi: plastiki haichemshwi pamoja na bitumini, bali inanyunyizwa juu ya kokoto za moto, inayeyuka, inalivika kila jiwe ngozi nyembamba, kisha bitumini inakuja kushikana na ngozi hiyo. Jiwe lililovikwa hivyo hunywa maji kidogo kuliko jiwe tupu, na maji ndiyo adui mkubwa wa lami katika pwani yetu.

Plastiki zinazoyeyuka vizuri katika joto la kokoto ni za aina tatu. Ya kwanza ni ile laini ya pakiti za maziwa, vifungashio vya mkate na nailoni za kufunikia bidhaa, ambayo huyeyuka kabla ya nyuzi 120. Ya pili ni ile ngumu ya mitungi, ndoo na vifuniko vya chupa, inayoyeyuka karibu na nyuzi 130. Ya tatu ni ya magunia yaliyofumwa na kamba zinazoelea za wavuvi, inayohitaji nyuzi 160 na kitu. Majuala ya dukani yamepungua sana tangu marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo mtaji wenu mkubwa utakuwa pakiti za maziwa na vifungashio vya bidhaa za jumla.

Mwili wa chupa ya maji haufai kwa njia hii. Unahitaji zaidi ya nyuzi 250 ili uyeyuke, na kokoto zikifikishwa huko bitumini itaungua. Chupa hizo zina soko lake kwa wanunuzi wa taka, basi ziuzeni na kifuniko kibaki kwenu. Jarife na nyavu za nailoni hazifai kwa sababu hiyohiyo. Ndara pia hazifai, kwa kuwa povu lake limeundwa lisiyeyuke. Wanaotaka kuona ndara zikitumika vizuri waitazame Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki na ndara zilizookotwa, ambalo mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Kila taka ina fundi wake.

Plastiki ya kuogopwa hasa ni ile ya mabomba ya maji, maganda ya nyaya za umeme, vitambaa vya meza vya plastiki na baadhi ya kadi na mapazia ya bafuni. Ina klorini ndani yake, na ikipashwa joto hutoa asidi inayochoma koo na mapafu, na moshi wake una sumu mbaya zaidi. Kipande kimoja cha bomba katika gunia zima ni sababu ya kutosha ya kulirudisha gunia lote kwenye meza ya kuchambulia.

Kuchambua kwa ndoo na waya

Kazi ya kuchambua ndiyo inayoamua kila kitu, na haihitaji mashine ya fedha nyingi. Jaza pipa maji matamu, si ya bahari, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito na yatakudanganya. Kata kipande cha plastiki ukubwa wa ukucha, kizamishe kwa kidole hadi mapovu ya hewa yatoke, kisha kiachilie. Zile aina tatu tunazozitaka zote huelea. Bomba huzama, chupa ya maji huzama, nailoni ya wavu huzama. Udanganyifu upo: povu jeupe la masanduku ya samaki na vyombo vya chakula, na povu la ndara, huelea kwa sababu ya hewa iliyo ndani yake, kwa hiyo hayo yachambuliwe kwa jicho na kuwekwa kando.

Kwa kipande kinachotia shaka, msimamizi mmoja aliyefundishwa, akiwa nje na akisimama upande upepo unakotoka, anaweza kutumia waya wa shaba. Anaushika kwa koleo, anaupasha kwenye moto wa gesi hadi uwe mwekundu na moto uache kubadilika rangi, anaugusisha kwenye plastiki ili kiasi kidogo kishike, kisha anaurudisha motoni. Moto ukigeuka kijani kibichi, kuna klorini, na kipande hicho na ndugu zake wote wanatoka. Jaribio hili lifanywe kwa kipande kimojakimoja; si mchezo wa watoto wala wa kila anayepita.

Baada ya hapo plastiki ioshwe. Iliyookotwa ufuoni ina mchanga na chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata baada ya jua kali la mchana, kwa hiyo ioshwe kwa maji matamu mara mbili, ianikwe juu ya wavu badala ya chini, na ipinduliwe. Niliwahi kuitwa nikaangalie viraka vilivyowekwa katika njia moja ya mtaani na watu waliofanya kila kitu kwa bidii isipokuwa hili. Masika ya kwanza hayajaisha, kokoto zilikuwa zinang'oka kwa vidole, safi na kavu kama zilizotoka mtoni, na kando yake plastiki imejikunja kama pindo la leso. Waliiosha plastiki yao baharini, wakaianika usiku mmoja, wakaitia ikiwa na unyevu.

Plastiki iliyokauka ikatwe vipande vya milimita 2 hadi 3. Mashine ya kukatia lishe ya ng'ombe iliyobadilishwa visu inaweza kukata pakiti laini, lakini mitungi minene inahitaji mashine halisi ya kusaga plastiki. Kama hamna, achaneni nayo. Chekecheni kwa chekecheke yenye matundu madogo. Vipande vikubwa havitayeyuka kwa wakati, vitabaki kama majani ndani ya lami.

Hesabu ya njia moja

Chukua njia ya mtaa yenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 4, itakayotandikwa lami yenye unene wa milimita 40 baada ya kushindiliwa. Ujazo wake ni mita 16 za ujazo. Lami iliyoshindiliwa ina uzito wa karibu tani 2.35 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mnahitaji tani 37.6. Bitumini ikiwa asilimia 5.5, ni kilo 2,068. Asilimia 8 ya hiyo ndiyo plastiki: kilo 165.

Tarakimu hii ina pande mbili, na napenda kila kikundi kizione zote kabla ya kuwaahidi watu lolote. Ukikadiria pakiti tupu ya nusu lita ya maziwa kuwa na gramu 4, kilo 165 ni zaidi ya pakiti 41,000, na kuzikusanya, kuziosha na kuzianika si kazi ya wiki moja. Lakini ukizitazama kwa mizani ya mji mzima, kilo 165 kwa mita 100, yaani tani 1.65 kwa kilomita, ni kidogo. Anayewaambia wananchi kwamba barabara zitamaliza taka za Malindi hajapiga hesabu hii, au ameipiga akanyamaza.

Sasa linganisha na lami kuukuu. Ukitumia lami iliyochimbuliwa kwenye barabara ya zamani kwa kiwango cha asilimia 20, utaingiza tani 7.5 za mabaki katika njia hiyohiyo, na ndani yake mna bitumini ya zamani ipatayo kilo 375, ambayo sehemu yake kubwa inaweza kufanya kazi tena. Kokoto zake nazo tayari zimevikwa. Hakuna anayepiga picha akiwa amesimama mbele ya rundo la lami kuukuu, lakini kwa maoni yangu ndiyo taka yenye thamani kubwa kuliko zote kwa mjenzi wa barabara, na mara nyingi inamwagwa mashimoni kando ya njia kama kifusi.

Kuchanganya kwenye pipa la moto

Tuseme mnatumia mtambo mdogo unaochanganya kilo 500 kwa mara moja. Kokoto, mchanga na vumbi kwa pamoja ni kilo 472.5, plastiki ni kilo 2.2, na bitumini mpya ni kilo 25.3. Kila kitu kipimwe kwa mizani. Karai na beleshi si vipimo, kwa sababu karai moja la mchanga mkavu na karai moja la mchanga wenye umande havina uzito mmoja.

Washa mtambo, tia kokoto, na uzipashe hadi nyuzi 165. Mvuke mweupe ukiendelea kutoka, mawe bado yana maji ndani, subiri uishe. Pima joto kwa kipimajoto cha chuma kilichochomekwa katikati ya mawe, maana kile cha kulenga kwa mwanga hukupa joto la uso tu, na uso huwa umepoa. Joto likifika, zima au punguza moto ili ulimi wake usiguse ndani ya pipa, kisha nyunyiza plastiki kidogo kidogo huku pipa likizunguka. Mimi hupendelea kuinyunyiza kwa kopo lililotobolewa, kama mtu anayenyunyizia chumvi samaki, kwa kuwa ikimwagwa kwa mkupuo hujikusanya na kufanya donge. Ndani ya nusu dakika hadi dakika moja mawe hubadilika: yanaacha kuwa na rangi ya vumbi, yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta, na mlio wao ndani ya pipa unapungua ukali. Hapo ndipo unapotia bitumini, nayo ikiwa kwenye nyuzi 150 hadi 160, na kuchanganya mpaka hakuna jiwe lenye doa la kijivu.

Joto la kokoto lisipite nyuzi 170 wakati plastiki inatiwa. Ukiona moshi wa rangi ya samawati au ukisikia harufu kali ya kuchoma macho, mmepita kiasi, na mchanganyiko huo usitandikwe juu ya barabara. Wafanyakazi wavae barakoa zenye chujio la mvuke, si kitambaa cha kufunga puani, pamoja na glovu ndefu na viatu vilivyofunika kisigino. Plastiki isiyeyushwe peke yake kwenye sufuria juu ya kuni, jambo ninaloliona likifanywa mara nyingi sana katika video za mitandaoni.

Kabla ya kutandika, jaribu ugumu wa mshiko kwa njia ambayo kila mtu mtaani anaweza kuiona. Chukua kilo moja ya kokoto zilizokwisha kuvikwa plastiki na bitumini, ziache zipoe, zitie kwenye chupa ya kioo yenye maji, na uiweke mahali penye joto la karibu nyuzi 40 kwa saa 24. Kesho yake tazama. Ikiwa zaidi ya sehemu 5 kati ya 100 za uso wa mawe zimevuliwa bitumini, rudi kwenye kuosha na kukausha, au ongeza chokaa.

Chokaa na jiwe la matumbawe

Hapa pwani tuna dawa ya zamani. Chokaa iliyozimwa, kiasi cha asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mawe, ikichanganywa na vumbi la mawe kabla ya bitumini, huongeza mshiko na kupunguza kuvuliwa na maji. Wazee wetu walichoma matumbawe wakapata chokaa ya kujengea majumba ya Lamu na Malindi. Leo inunuliwe ile ya viwandani yenye ubora unaojulikana, kwa sababu kuchoma matumbawe mapya ni kuharibu bahari.

Mabaki tunayoyaweza ni vumbi la machimbo, ambako matofali ya mawe ya matumbawe hukatwa kwa msumeno na kuacha marundo meupe. Vumbi hilo ni la asili ya chokaa, na lile laini linalopita kwenye chekecheke ya milimita 0.075 linaweza kuwa kijazio kizuri iwapo halina udongo. Lisugue kati ya vidole likiwa limeloa: likinata kama ugali, lina udongo, liache. Vipande vikubwa vya jiwe hilohilo visitumike kama kokoto za tabaka la juu. Ni laini, vina matundu, na vinanyonya bitumini kama mkate unavyonyonya chai, hata hesabu yenu yote iharibike. Vitieni chini, kwenye msingi.

Lami kuukuu, na kwa nini isichanganywe na plastiki

Lami iliyochimbuliwa ipondwe hadi iwe chini ya milimita 20 na ihifadhiwe chini ya paa, kwa kuwa ikilowa inakula kuni au dizeli bila faida. Isiguswe na moto wa moja kwa moja, maana bitumini yake itaungua. Mawe mapya hupashwa zaidi, kisha lami kuukuu hutiwa ikiwa baridi ili ipate joto kutoka kwa mawe hayo. Kwa asilimia 20 ya lami kuukuu iliyo kwenye nyuzi 30, na lengo la nyuzi 155 kwa mchanganyiko mzima, mawe mapya yanahitaji nyuzi 186 hata kama hakuna unyevu wowote. Kiwango hicho kinapita kile tulichokiwekea plastiki. Kwa mtambo mdogo, basi, chagueni kimoja: mchanganyiko wa plastiki au mchanganyiko wa lami kuukuu. Mwenye mtambo mkubwa wenye pipa la pili anaweza kufanya yote mawili, lakini hiyo ni kazi ya mhandisi wake.

Bitumini ya zamani huwa imekauka na kuwa ngumu. Mafuta ya kukaangia yaliyotumika, ambayo hoteli za Malindi na Watamu zinayo kwa mapipa, yanaweza kuilainisha yakichujwa na kuondolewa maji, kwa kiasi kidogo kisichozidi asilimia chache za uzito wa bitumini hiyo ya zamani. Kiasi halisi kitoke maabara. Yakizidi, barabara italainika kama siagi adhuhuri. Oili chafu ya gari isitumike kamwe, kwa kuwa ina metali zenye sumu ambazo mvua itazipeleka kisimani na baharini.

Mabaki mengine kwa ufupi

Chupa za kioo zikipondwa chini ya milimita 5 zinaweza kushika nafasi ya mchanga kwa asilimia 10 hivi, lakini kioo ni laini usoni na bitumini haikishiki vizuri, kwa hiyo chokaa ni lazima. Mimi ningezitia zaidi kwenye msingi, ambako haziudhi mtu.

Tairi zilizosagwa huleta barabara nzuri sana. Charles McDonald alilithibitisha hilo mjini Phoenix, Arizona, katika miaka ya 1960. Lakini mpira unahitaji kusagwa kuwa unga, kuondolewa nyaya, na kupikwa ndani ya bitumini kwenye nyuzi 175 au zaidi kwa dakika 45 hadi 60 bila kuacha kukoroga, ukiwa asilimia 15 hadi 20 ya mchanganyiko huo. Hiyo ni kazi ya kiwanda. Tairi za tuktuk za mtaani wapeni mafundi wa viatu.

Takataka za tanuri za chuma, yale mawe meusi yanayobaki chuma chakavu kinapoyeyushwa, ni kokoto ngumu zisizoteleza, lakini huwa na chokaa ambayo haijazimwa ndani yake. Zikitandikwa mbichi hunywa maji, huvimba na kuinua barabara. Ni lazima ziachwe nje zinyeshewe kwa miezi, kisha zipimwe uvimbe. Tena ni nzito kuliko kokoto za kawaida, na kuzibeba kutoka pande za Mombasa, kilomita 120 hivi, kunaweza kula akiba yote. Kuhusu majivu ya makaa ya mawe, ambayo vitabu vingi vya nje huyasifu, hatuna. Mtambo wa makaa uliokusudiwa Lamu ulifutiwa leseni na mahakama maalumu ya mazingira mwaka 2019.

Na kwa wenzetu wa Lamu mjini, ambako njia ni za punda na watu, lami haina mahali. Matofali ya mchanga na plastiki, kama yale yanayotengenezwa Nairobi na Nzambi Matee, aliyepata tuzo ya mazingira ya Umoja wa Mataifa kwa vijana mwaka 2020, yanastahili kuangaliwa kwa ua na vijia, ingawa mji wa kale uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001 na hakuna jiwe linaloondolewa pale bila idhini.

Kutandika

Lami nzuri juu ya msingi mbaya ni pesa iliyozikwa. Njia nyingi za Malindi ziko juu ya mchanga, kwa hiyo msingi wa changarawe ya matumbawe uloweshwe kiasi, ushindiliwe kwa tabaka, na uinuliwe katikati ili maji yaelekee pande zote mbili. Mitaro ije kabla ya lami. Pande zote ziwekewe mawe ya ukingo, kwa sababu lami ya mtaani huanza kuvunjika pembeni, pale bodaboda zinapopanda na kushuka.

Fagia msingi, unyunyizie bitumini nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa, kama lita moja kwa mita ya mraba, uache angalau siku moja inyweke. Mwaga lami ikiwa bado juu ya nyuzi 130 na uisambaze kwa reki hadi unene wa milimita 50, ambao utashuka hadi 40. Usiirushe kwa beleshi kutoka mbali, maana mawe makubwa yatatangulia na vumbi litabaki nyuma. Rola ianze pembeni ikielekea katikati, magurudumu yake yakiwa yameloweshwa maji, na kazi iishe kabla joto halijashuka chini ya nyuzi 90. Tabaka la milimita 40 hupoa upesi, na upepo wa kusi ukivuma hupoa upesi zaidi. Kwa hiyo tandika vipande vifupi. Lami yenye plastiki huwa ngumu kidogo kuliko ya kawaida inapopoa, na anayechelewa hawezi kuirudisha.

Bahari iko karibu

Maji ya mitaro ya Malindi hayana safari ndefu hadi baharini, ambako kuna hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Plastiki iliyoyeyuka na kushikana na jiwe chini ya bitumini haina nafasi kubwa ya kutoka, lakini vipande visivyoyeyuka vitasagwa na magurudumu na kwenda na maji. Kwa hiyo sakafu ya mahali pa kukatia plastiki iwe ya saruji na ifagiliwe kila jioni, maji ya kuoshea yapite kwenye chujio la kitambaa kabla ya kumwagwa, na mchanganyiko wenye vipande vinavyoonekana kwa macho ukataliwe. Mtaro wa kwanza baada ya eneo la kazi uwekewe wavu wenye matundu madogo, usafishwe kila baada ya mvua, na kilichonaswa kipimwe na kuandikwa daftarini.

Daftari hilohilo liandikwe pia tarehe, joto la kokoto kila pipa, uzito wa plastiki, jina la aliyepima, na mahali hasa ambapo pipa hilo lilitandikwa, kuanzia nguzo fulani ya umeme hadi lango fulani. Kila siku ya kazi wekeni kando kilo mbili za lami kwenye kopo la bati lenye tarehe kwenye kifuniko. Baada ya masika ya kwanza, na tena baada ya ya pili, pitieni njia nzima kwa miguu asubuhi mapema, jua likiwa bado linalala chini na kila bonde la gurudumu linaonekana kwa kivuli chake, mkiwa na chaki ya kuzungushia kila kokoto iliyong'oka. Mahali penye duara nyingi, fungueni kopo la siku hiyo.